Aombaye Mbegu Aonyeshe Shamba

Siku hizi msemo mmoja wasikika vinywani mwa vijana wetu, katika Bukavu na Goma, katika Uvira na Lubumbashi: "Nina wazo, sina mtaji." Asemaye hivyo hudhani ya kuwa kitu kimoja tu chamzuia kuendelea, yaani fedha. Akipata habari kwamba wako watu au vyama vyenye kuwasaidia waanzilishi wa kazi mpya, hutafuta maneno matamu, huazima koti la rafiki, husimama mbele ya waamuzi na kusema kwa sauti kubwa. Kisha hurudi nyumbani mikono mitupu. Hapo huilaumu bahati yake, au hunong'ona kwamba fedha zile zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwa siri.

Hatukatai kwamba upendeleo upo duniani. Walakini mara nyingi sababu ni nyingine, nayo yaweza kuondolewa: mwombaji hakujitayarisha. Alitayarisha midomo yake, lakini hakuitayarisha kazi yake. Leo twataka kueleza, kwa mifano iliyo wazi, jinsi ya kujiweka tayari kabla ya kusimama mbele ya mwenye fedha. Vijana wasome, na wazazi pia wasome, maana mara nyingi mali inayowekwa hatarini ni ya nyumba nzima.

MTAJI WA MBEGU NI NINI?

Wafanya biashara wa Marekani huziita fedha za kwanza za kampuni changa kwa jina la mbegu. Jina hilo latufaa sana sisi wana wa wakulima. Jirani akija kwako majira ya kupanda, akakuomba debe la mbegu za maharagwe, utamwuliza nini? Hutamwuliza kama ajua kusema vizuri. Utamwuliza: Shamba lako liko wapi? Umekwisha kulilima? Nani atapalilia? Na siku ya mavuno, mimi nitapata nini? Mtu aliyekwisha kulima nusu ya shamba kwa jembe lake bovu atapewa mbegu upesi kuliko yule anayesimulia ukubwa wa ghala atakayoijenga.

Fedha hizo za mbegu huja kwa njia tatu, wala si vema kuzichanganya.

Ya kwanza ni tuzo au msaada, ambao haurudishwi. Kwa mfano, shirika la Tony Elumelu Foundation, lililoanzishwa na tajiri mmoja wa Nijeria, tangu mwaka 2015 huchagua waanzilishi wa kazi kutoka nchi zote za Afrika, na Kongo imo. Huwapa mafunzo, na wale wanaochaguliwa hupata dola 5,000 za Marekani bila ya deni.

Ya pili ni mkopo. Huo hurudishwa pamoja na riba, kazi ikistawi isistawi.

Ya tatu ni hisa. Hapa mwenye fedha hununua sehemu ya kampuni yenyewe. Kampuni ikifa, hasara ni yake pia. Ikikua, sehemu yake hukua pamoja nayo, na sauti yake katika mashauri husikika.

Anayeomba bila kujua aomba kwa njia ipi kati ya hizo tatu ni kama msafiri apandaye lori bila kuuliza linakwenda wapi.

VIJANA WA SAN FRANCISCO

Tutazame sasa habari ya kweli kutoka Marekani, maana desturi ya kusimama mbele ya wenye fedha na kueleza kazi changa imestawi huko kuliko mahali pengine.

Mwezi wa Oktoba 2007, vijana wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, waliokuwa wamesoma pamoja katika chuo cha sanaa, walikaa katika mji wa San Francisco, na kodi ya nyumba ilikuwa imewalemea. Siku zile mkutano mkubwa ulikuwa karibu, na hoteli za mji zilijaa. Vijana hao wakatandika magodoro ya kujazwa hewa sakafuni mwao, wakapokea wageni watatu, kila mmoja kwa dola 80 usiku mmoja, pamoja na chakula cha asubuhi. Baadaye wakaungana na fundi wa kompyuta, Nathan Blecharczyk, wakatengeneza tovuti ambamo mwenye chumba kitupu aweza kukutana na msafiri atafutaye malazi. Kazi hiyo ndiyo iitwayo leo Airbnb.

Mwezi wa Juni 2008 walijulishwa kwa wawekezaji saba. Waliomba dola 150,000, na kwa fedha hizo wangetoa sehemu ya kumi ya kampuni yao. Watano walikataa, wawili hawakujibu hata neno. Mmoja aliona soko si kubwa vya kutosha. Wengine walisema kwamba kazi ya namna ile si katika mambo yao. Mwaka 2015 Chesky mwenyewe alizitangaza barua hizo za kukataliwa, ili wengine wajifunze.

Je, vijana hao walikwenda kulala? Hapana. Mwaka ule wa 2008 ulikuwa mwaka wa kumchagua rais wa Marekani. Wakabuni visanduku vya karatasi vyenye nafaka za kula asubuhi, vingine vikiwa na picha ya Obama, vingine na ya McCain, wakaviuza dola 40 kila kimoja. Wakapata kama dola 30,000, wakalipa sehemu ya madeni yao.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 walipokewa na Y Combinator, shirika lenye kulea kampuni changa. Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wake, hakulipenda sana wazo la watu kulala katika nyumba za wageni wasiowajua. Lakini habari ya visanduku ilimgusa: aliona kwamba watu wanaoweza kuuza nafaka kwa dola 40 hawatakufa upesi. Wakapewa dola 20,000 kwa asilimia 6 ya kampuni. Tena akawashauri waende New York, mahali walipokuwa wateja wao wengi. Wakaenda, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba, wakazungumza na wenye vyumba, wakapiga picha nzuri za vyumba vile. Mwezi wa Aprili 2009, kampuni ya uwekezaji Sequoia ikawapa takriban dola 600,000. Na mwezi wa Desemba 2020 hisa za Airbnb ziliuzwa kwa watu wote katika soko la hisa, kwa bei ya kwanza ya dola 68 kila moja.

Sasa tuulize: ni kitu gani kilichogeuka kati ya Juni 2008 na Aprili 2009? Wazo halikugeuka sana. Kilichogeuka ni shamba. Mara ya kwanza walikuwa na mengi ya kusimulia na machache ya kuonyesha. Mara ya pili walikuwa na wageni waliolala, wenye nyumba waliopokea fedha, na ushuhuda kwamba wao wenyewe hawachoki. Mwenye fedha hakuhitaji kuamini ndoto. Aliombwa kutazama jambo lililokwisha kuanza kutembea.

MFANO WA NDAGALA

Pengine msomaji atasema: "Hayo ni ya Marekani; sisi tuko Kongo." Basi tufanye mfano wa kwetu. Watu wake na bei zake tumezitunga ili kufundisha. Kila mmoja aweke bei za soko lake.

Dada na kaka yake wakaa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Wavuvi hutoka usiku na taa, hurudi alfajiri na ndagala, na wanawake huzianika mchangani. Mvua ikinyesha, ndagala huoza; na hata jua likiwaka, mchanga huingia ndani yake na bei hushuka. Ndugu hao wawili wataka kujenga vichanja vilivyoinuliwa na kuezekwa kwa plastiki yenye kupitisha mwanga, ili ndagala zikauke safi hata majira ya mvua. Waomba dola 3,000. Wajitayarishe namna gani?

Kwanza wataje taabu, wala si chombo. Waombaji wengi huanza kwa kusifu mashini yao. Mwenye fedha hajali mashini kabla ya kujua ni nani anayeumia. Dada huyu aanze hivi: "Katika majira ya mvua, mwanamke anunuaye mabeseni kumi ya ndagala mbichi hupoteza mawili au matatu kwa kuoza." Lakini hesabu hiyo asiibuni! Aketi pwani asubuhi nyingi, awaulize wanawake ishirini, aandike majibu katika daftari. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: hata ombi bila daftari hupotea.

Pili waonyeshe kwamba wamekwisha kuanza. Kabla ya kuomba dola 3,000, wajenge kichanja kimoja kwa dola 40 za akiba yao. Waanike mabeseni thelathini, wauze, waandike kila senti. Wakiweza kusema, "Wenye maduka wanne walinunua, na watatu kati yao wamerudi tena," maneno hayo yana uzito kuliko picha ishirini za kupendeza. Mteja aliyerudi ndiye shahidi mkuu wa kazi changa.

Tatu wajue hesabu yao kwa kichwa. Tuseme beseni moja la ndagala mbichi lanunuliwa kwa dola 10, na ndagala zake zikikauka zauzwa kwa dola 16. Chumvi, mifuko na usafiri ni dola 2. Ujira wa wafanyakazi ni dola moja na nusu. Basi katika kila beseni zabaki dola 2.50. Kwa mwezi watafanya kazi siku ishirini tu, si thelathini, kwa sababu mbalamwezi inapong'aa sana wavuvi hupumzika: taa zao hazivuti samaki. Wakikausha mabeseni sita kila siku, ni mabeseni 120 kwa mwezi, na fedha zinazobaki ni dola 300. Watoe dola 60 za kodi ya kiwanja na mlinzi, na dola 20 za simu na mambo madogo. Faida ni dola 220.

Hapo kila mwenye kusikiliza ajua kwamba watu hawa wanalijua ziwa lao. Mtu asiyejua kazi angezidisha kwa siku thelathini. Mwamuzi mmoja aliyezaliwa pwani angetabasamu, na ombi lingekwisha hapo.

Nne waseme fedha zitakwenda wapi, kila moja kwa jina lake. Vichanja na mapaa, dola 1,600. Mizani na vyombo vya kufungia, dola 350. Vyeti vya serikali, dola 150. Akiba ya mambo yasiyotazamiwa, dola 100. Na fedha za mzunguko, dola 800. Nini maana ya fedha za mzunguko? Mabeseni sita kwa siku, pamoja na gharama zake, ni dola 81. Ikiwa zapita siku tisa tangu kununua hata wateja walipe, dola 729 zitakuwa njiani siku zote. Kazi nyingi changa hufa kwa kusahau jambo hili. Wenyewe wana vichanja vizuri, na wateja wapo, lakini asubuhi ya Jumatatu hawana fedha za kununua samaki. Jumla ya yote ni dola 3,000 kamili. Na kwa faida ya dola 220 kila mwezi, fedha hizo zitakuwa zimerudi baada ya miezi kumi na minne hivi.

Tano wataje washindani wao. Asemaye, "Hakuna mwingine afanyaye kazi hii," ajidhuru mwenyewe. Mwamuzi atafikiri: ama hakutafuta, ama hakuna mteja. Wanawake wenye kuanika mchangani ndio washindani, tena hawalipi kitu kwa mchanga. Ndugu hao waeleze kwa nini mnunuzi atakubali kuongeza bei kidogo ili apate ndagala zisizo na mchanga.

Sita wajitaje wenyewe. Nani hununua pwani? Nani hushika daftari? Nani hujenga? Katika kazi changa mwenye fedha huwatazama watu kuliko karatasi, kwa kuwa karatasi itabadilika mara nyingi, na watu watabaki.

SIKU YA KUSEMA

Guy Kawasaki, mwekezaji wa Marekani, mwaka 2005 alitoa kanuni iliyojulikana sana: picha za kuonyesha ukutani zisizidi kumi, maneno yasipite dakika ishirini, na herufi ziwe kubwa. Katika mashindano mengi siku hizi hupewi hata dakika ishirini. Hupewa tano, au tatu. Basi yakupasa kujua ni neno gani utalibakiza ukinyimwa mengine yote.

Andika hotuba yako kwanza kwa lugha unayoiota usiku. Ukiweza kumweleza shangazi yako kwa Kiswahili, naye akaweza kumweleza jirani yake bila kukosea, hapo wazo limekomaa. Kisha ligeuze kwa Kifaransa, maana waamuzi wengi wa nchi yetu husikiliza kwa Kifaransa. Afanyaye kinyume hukariri maneno makubwa asiyoweza kuyatetea akiulizwa.

Jizoeze mbele ya saa. Jizoeze pia bila picha, maana umeme huzimika. Kisha waombe rafiki zako wakuulize maswali magumu bila huruma. Swali ndilo jiwe la kunolea. Tusikilize kidogo mwamuzi mzee na yule dada wa Uvira:

— Binti, mimi naona jambo hili ni jepesi. Kesho jirani yako atajenga kichanja kama chako. Utafanyaje?

— Mzee, kichanja atakijenga kweli. Lakini wenye maduka wanne wamekwisha kunizoea, nao wajua kwamba nikisema kilo tano ni kilo tano. Tena nawalipa wavuvi papo hapo. Ndiyo sababu wananiuzia mimi kwanza.

— Na serikali ikiyafunga maji kwa muda, samaki wapate kuzaana?

— Hapo, mzee, hatutakuwa na ndagala mbichi. Ndiyo maana twaweka kando sehemu ya faida ya kila mwezi, ya kulipia kodi na mlinzi. Muda ukizidi akiba hiyo, itatulazimu kusimama. Sitakuficha jambo hili.

Tazameni jibu hilo la mwisho. Hakujifanya mwenye dawa ya kila ugonjwa. Mwenye fedha amesikia waongo wengi. Akimsikia mtu ajuaye udhaifu wa kazi yake, moyo wake hutulia.

USIONGOPE

Jambo hili twataka kulisisitiza. Katika Marekani iyo hiyo, Elizabeth Holmes alianzisha kampuni ya Theranos mwaka 2003, akiwa bado kijana wa chuo. Alisema kwamba kwa matone machache ya damu ya kidole, mashini yake yaweza kupima magonjwa mengi. Alisema vizuri mno, na watu wakubwa wakamwamini. Kampuni ikakusanya zaidi ya dola milioni 700. Mwaka 2015 magazeti yakaanza kufunua kwamba mashini ile haikuweza yaliyosemwa. Mwezi wa Januari 2022 mahakama ikamwona ana hatia ya kuwadanganya wawekezaji, na mwezi wa Novemba mwaka uo huo akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka kumi na moja.

Yeye hakushindwa katika kusema. Alishinda katika kusema, na ushindi huo ndio uliompeleka kizimbani. Kuna mpaka kati ya tumaini na uongo, nao si mgumu kuuona. Kusema "natumaini kuuza mabeseni 120" ni tumaini. Kusema "nimeuza mabeseni 120" ilhali umeuza thelathini ni wizi.

SHERIA NA MAPATANO

Tuseme sasa mwenye fedha amependezwa. Anasema: "Nitawapa dola 3,000, nanyi mtanipa asilimia 30 ya kampuni." Vijana wengi hapo huruka kwa furaha na kutia sahihi. Ngojeni kwanza! Maneno hayo yana maana hii: anaihesabu kampuni nzima, fedha zake zikiwemo, kuwa na thamani ya dola 10,000. Yaani kazi yenu ya mpaka leo, na daftari lenu, na wateja wenu, ameviwekea bei ya dola 7,000. Je, ni bei ya haki? Wale vijana wa San Francisco, walipotoa asilimia 6 kwa dola 20,000, kampuni yao ilihesabiwa kama dola 333,000.

Tena fikirini ya mbele. Mmebaki na asilimia 70. Mwekezaji wa pili akija, akachukua robo ya kampuni, na kila mmoja akipunguziwa kwa kipimo kimoja, mtabaki na 52 na nusu. Wa tatu akichukua asilimia 30, mtabaki na pungufu ya 37. Hapo ninyi mlioamka alfajiri kwenda pwani mwaweza kushindwa kwa kura katika kazi yenu wenyewe. Hatusemi msiuze hisa. Kampuni nyingi zimekua kwa njia hiyo. Twasema: hesabuni kabla ya kutia sahihi, na mtafute mtu ajuaye sheria awasomee mkataba.

Nyaraka za serikali nazo zisiachwe hata dakika ya mwisho. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika sheria za biashara za OHADA, zinazotumika katika nchi nyingi za Afrika, na kampuni huandikishwa katika daftari liitwalo RCCM. Mwezi wa Septemba 2022 ilitolewa pia sheria ya kuinua waanzilishi wa kazi na kampuni changa. Mwombaji mwenye wazo zuri asiye na cheti hupoteza nafasi yake kwa mwenye wazo la wastani aliye na cheti.

Jihadharini pia na wanyang'anyi. Akija mtu asema, "Umekwisha kushinda dola 5,000, tuma kwanza dola 50 za kufungulia faili," huyo ni mwizi. Atoaye msaada wa kweli hakuombi umlipe ili akupe.

NURU YA BENI NA GOMA

Wenye shaka watazame kampuni iliyoanzia katika Kivu, nayo yaitwa Nuru. Hiyo hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme na kuuleta majumbani. Mwaka 2017 iliwasha mtambo mdogo mjini Beni, wenye nguvu ya kilowati 55. Mwaka 2020 iliwasha mwingine mjini Goma, wa megawati 1.3, zaidi ya mara ishirini ya ule wa kwanza. Na mwaka 2023 wawekezaji walikubali kuweka ndani yake dola milioni 40. Angalieni mpango wake: kidogo kilichowaka kwanza, kisha kikubwa, kisha fedha nyingi. Kama wangeomba mamilioni hayo wakiwa na picha za kuchora tu, nani angewasikiliza? Lakini taa ya jirani ikiwaka, hakuna haja ya kumshawishi mtu kwamba umeme upo.

NENO KWA WAZAZI

Akina baba na akina mama, mtoto wenu akija na wazo, msimcheke, wala msikimbilie kuuza kiwanja cha nyumba ili apate kuanza. Mfanyieni kama mwenye fedha mwema anavyofanya: mwulizeni. Nani ana taabu hiyo? Umeuza ngapi? Daftari liko wapi? Mtoto akikosa majibu, mpeni muda akayatafute, na pengine dola 40 za kichanja cha kwanza. Zikipotea dola 40, nyumba itasimama. Kikipotea kiwanja, wadogo zake watalala wapi?

Na ninyi vijana, kama mwaanza kazi wawili au watatu, andikeni mapatano mapema, mngali mnapendana: kila mmoja ana sehemu gani, atafanya kazi gani, na akiondoka atachukua nini. Ndugu wa tumbo moja wamegombana kwa kukosa karatasi moja. Fedha za kazi zikae mbali na fedha za chakula. Na kila jioni, kabla ya kulala, daftari lifunguliwe.

Mkifanya hivyo miezi sita, mtakuwa mmejitayarisha kwa hotuba yenu bila kujua. Siku mtakapoitwa mbele ya waamuzi, hamtakuwa na haja ya kubuni lolote. Mtasoma tu yaliyoandikwa katika daftari lenu. Na wakikataa? Wale wa San Francisco waliwaendea saba, na wote saba hawakuwapa kitu. Rudini shambani, mpalilie. Mwenye mbegu atakayepita baadaye ataona penyewe pamelimwa.